Mrejesho: magazini za bastola zilizokuwa zinakwama

Wakuu, habari zenu. Ni mimi niliyeuliza mwezi uliopita kuhusu magazini mbili (vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bastola) za bastola yangu ya milimita 9 (naimiliki kwa leseni), zilizokuwa zinakwamisha risasi mbili tatu za mwisho. Asanteni wote, hata yule aliyenicheka kwa kuzimwagia mafuta ndani. Alikuwa sahihi: nilipofungua kitako cha magazini nilikuta mafuta yameshikana na vumbi la Dodoma, tope jeusi limeizunguka springi.

Nimefuata ushauri wa kusafisha na kuacha pakavu. Nikatoa risasi zote, nikahakikisha chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) ni tupu, nikavaa miwani. Miwani msiidharau, springi iliruka hadi chini ya kabati! Nikasugua kwa brashi ya nailoni, nikapitisha kitambaa hadi kikatoka cheupe, nikafunga bila tone la mafuta.

Ya kwanza imepona. Juzi nimepiga shabaha risasi 50, haijakwama hata moja. Ila mwanzoni nilirudisha springi juu chini, ikagoma kabisa, kwa hiyo piga picha na simu kabla hujaitoa.

Ya pili imenishinda. Nimebadilisha springi, wapi. Aliyesema nikague midomo ya juu (zile kingo za magazini zinazoshikilia risasi) ndiye aliyepatia: upande mmoja umepinda, nadhani tangu siku ilipodondoka sakafuni. Sijaigusa na koleo kama mlivyonionya. Nimeichora X kwa maka peni, haitarudi kwenye bastola, na nyingine nimeshaagiza kwa muuzaji mwenye kibali.