Makaro (vigae) ya sebule yameinuka baada ya miezi 7 tu! Mafundi wa Goma, acheni kubandika kwa vibonge vitano

Ndugu zangu, jambo. Nimenyamaza wiki mbili nikitafuta amani na fundi, lakini simu yangu hapokei tena, basi nayaleta hapa ili mwingine asiliwe pesa kama mimi.

Ilikuwa usiku, saa nne hivi. Nikasikia mlio sebuleni kama sahani imepasuka. Watoto wakanikimbilia. Hapa kwetu mlio wa ghafla usiku unaturudisha Mei 2021, ardhi ilivyotikisika siku nyingi baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, nyufa zikaonekana hadi barabarani. Nikawasha taa. Haikuwa tetemeko. Makaro mawili ya katikati yalikuwa yameinuka na kuegemeana kama paa la nyumba, na mstari mzima ulikuwa umeachia kutoka mlangoni hadi dirishani.

Miezi 7! Pesa ya likelemba, ule mchango wetu wa kupeana kwa zamu, ya mwaka mzima iko pale chini!

Nieleze tangu mwanzo. Sebule yangu ni mita 4 kwa 3.5, yaani mita 14 za mraba. Fundi aliingia, akaizungusha macho bila kutoa mita mfukoni, akasema katoni 13. Nikanunua 13, dola 14 kila moja, chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikaniletea kutoka Birere hadi kwangu Katoyi. Baadaye, hasira imeshapanda, nilikaa na karatasi. Katoni moja ilikuwa na makaro 10 ya sentimita 40 kwa 40, maana yake mita 1.6 za mraba. Mita 14, ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, unapata 15.4. Katoni 10 zilitosha! Zile 3 zilizobaki sijaziona hadi leo, na nilipouliza niliambiwa zimevunjika. Dola 42. Jamani, ile ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Fanyeni wenyewe kabla ya kutoa pesa, mita za mraba zimeandikwa ubavuni mwa katoni.

Ubavuni huko huko kuna namba ya toleo na ya rangi. Mimi sikujua. Dukani walinichanganyia matoleo mawili, na mchana jua likiingia unaona nusu ya sebule ni maziwa na nusu ni chai ya maziwa. Muuzaji akaniambia mchana kweupe kwamba yatafanana yakishakauka. Karo limetoka kwenye tanuru, litakauka nini tena?

Lakini rangi ningeivumilia. Kinachoniuma ni ubandikaji.

Tulimwaga tabaka la simenti la kusawazisha sakafu siku ya Jumatatu. Ijumaa fundi akaanza kubandika. Nikamuuliza, papa, si mapema? Akanijibu: "Mama, usiogope, njo vile tunafanyaka siku zote." Simenti hufikia nguvu yake ya kawaida kwa siku 28, na siku za kwanza inatakiwa kumwagiwa maji isikauke haraka. Najua maji ni shida yetu, tunanunua kwa bido (dumu), wengine wanayachota ziwani Kituku. Basi angeniambia! Ningetafuta gunia, nikaliloanisha na kufunika, bido mbili kwa siku zingetosha. Sakafu iliyokaushwa haraka huendelea kusinyaa chini, na karo la juu halisinyai. Hapo ndipo msukumo unapoanzia.

Tena msukumo ule ulikosa pa kwenda. Aliyabananisha makaro bila mwanya, eti inapendeza zaidi na tunaokoa unga wa kujazia mianya. Mianya ya milimita 2 au 3 ina kazi yake. Na pembeni kote, kati ya karo la mwisho na ukuta, inaachwa nafasi ya milimita 5 hadi 8, halafu kipande cha chini ya ukuta kinaifunika, hakuna mgeni atakayeiona. Kwangu alisukumiza makaro hadi yakagusa ukuta pande zote nne.

Halafu vibonge vitano. Kila mtu wa Goma amewaona: fundi anaweka bonge la simenti kwenye kila kona na moja katikati, analaza karo, anagonga, anaendelea. Kati ya vibonge kunabaki hewa. Mguu wa kiti ukitua hapo, karo linapasuka. Nilipoyang'oa yale mawili, migongo yake ilikuwa misafi kabisa, simenti yote imebaki sakafuni. Sababu ni kwamba ni yale makaro magumu yasiyonywa maji, na simenti tupu haina pa kushika. Yanahitaji kole, yaani gundi ya makaro, tena inayotandazwa kwa mwiko wenye meno, mistari yote upande mmoja, karo likandamizwe mpaka mgongo wote ushike. Mimi nilinunua mifuko ya kole, alipaswa kuitumia! Mnaweza kupima wenyewe: dondosha tone la maji mgongoni mwa karo. Likinyonywa mara moja, hilo linaloweshwa na linakubali simenti. Tone likikaa juu, tumia kole, usiloweshe.

Kabla ya kumlipa fundi, gonga kila karo. Sarafu hatuna, gonga kwa ufunguo. Sauti nzito imeshika, sauti ya debe tupu haijashika. Kwangu nimehesabu 58 yenye sauti ya debe.

Naandika kwa hasira, ndiyo, kwa sababu watu wenye pesa ndogo ndio tunaofanyiwa hivi. Mwenye pesa akiharibiwa anaweka mengine. Sisi tunabaki na shimo sebuleni.

Na si kweli kwamba kuokoa pesa lazima kuharibu. Ukuta wa jikoni kwangu tuliufanya wenyewe, mimi na yaya wangu (ndugu yangu mkubwa), na kuna miaka miwili hakuna kilichotoka. Tuliomba vipande vya makaro kwenye nyumba moja inayojengwa Himbi, wakatupa bure, wao walikuwa wanavitupa. Tulivipanga kwanza kwa unene, vinene mbali na vyembamba, vikubwa tukavitia kwenye gunia na kuvigonga kwa nyundo. Macho yafunikwe, vipande vinaruka. Ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta, yaya akaudonoa wote kwa patasi, maana kitu kikibandikwa juu ya rangi kinatoka pamoja na rangi. Kisha kole kidogo kidogo, nusu mita kwa nusu mita, vipande, ubao mnyofu juu ya vyote na kuugonga ili uso uwe sawa. Kesho yake tukajaza mianya na kufuta kwa sponji yenye unyevu. Tulifunika sentimita 60 tu juu ya meza ya kupikia, pale mafuta yanaporuka. Kwingine ni rangi. Nililipia mfuko mmoja wa kole na kilo chache za unga wa mianya, basi.

Chumbani sikuweka karo kabisa. Simenti iliyolainishwa, yenye rangi nyekundu na nta, inang'aa na inapigwa deki vizuri. Kama pesa haitoshi, peleka makaro bafuni na jikoni kwanza, maji yalipo. Bafuni, nawaomba, yasiwe yale yanayong'aa. Mama yangu ameteleza kwenye yangu, mkono umekaa kwenye bandeji mwezi mzima. Chukua yenye uso wa kukwaruza, na sakafu iteremkie tundu la maji, sentimita 1 au 2 kwa kila mita.

Wanaokaa kwenye nyumba za mbao, fundi akiwaambia atabandika moja kwa moja juu ya mbao, mkatalieni. Ubao unacheza, karo halichezi.

Kwa fundi wangu, najua jamaa zako wanasoma hapa. Sitaki ugomvi wala polisi. Nataka urudishe nusu ya pesa ya kazi yako na zile katoni 3, ili nipate ya kuziba yaliyopasuka.

Jumamosi asubuhi tunaanza kung'oa na yaya. Swali langu kwenu: yale mazima nataka kuyatumia tena, je, mmekwangua vipi simenti iliyoganda pembeni bila kuvunja kona? Na aliye karibu na Katoyi mwenye mwiko wa meno ya milimita 8 wa kuazimisha siku mbili, aniandikie. Nitaurudisha umeoshwa.