Tupeane uzoefu: matangazo ya tovuti yako yalipofungiwa, kosa lilikuwa wapi?

MpishiWaTanga: Wakuu, leo nimepokea barua pepe ya onyo kutoka kampuni inayoweka matangazo kwenye tovuti yangu na kunilipa. Ukurasa wangu wa pilau una tangazo lililokaribiana mno na kitufe cha kupakua, hivyo anayesoma kwa simu huligusa akidhani anapakua maelezo ya upishi. Nimepewa muda wa kurekebisha, na hofu imenijaa. Mliopitia haya, naomba tupeane uzoefu.

MwalimuMstaafu: Umenikumbusha jambo ambalo sitalisahau. Nilikuwa na tovuti ya maswali ya mitihani ya kidato cha nne, niliyoijenga peke yangu usiku baada ya kusahihisha madaftari, na salio lilikuwa limefika dola 94, yaani zimebaki 6 tu nifikie 100 za kulipwa kwa mara ya kwanza. Shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, akapeleka kiungo katika kundi la ukoo la WhatsApp na kuandika kwamba kila mtu abofye matangazo mara kumi ili tumsaidie mwalimu ada ya mtoto. Ukoo wetu ni mkubwa. Usiku ule nikaona salio limevuka 130, nikamwita mke wangu, tukamshukuru Mungu pamoja, wala sikujiuliza fedha hizo zimetoka wapi. Siku ya tatu alfajiri akaunti ikafungwa kwa sababu ya mibofyo batili, yaani ya watu wasiovutiwa kweli na tangazo, nikaelezwa kuwa fedha zitarudishwa kwa watangazaji, na rufaa yangu ikakataliwa. Shemeji alilia kuliko mimi.

BintiWaMorogoro: Pole sana mwalimu, mimi yalinifika hayo hayo kupitia wanachuo wenzangu.

Mfuatiliaji: Pole mwalimu, ila ulipoona salio limeruka ulipaswa kuripoti usiku ule ule, kwa kuwa ipo fomu ya kutoa taarifa ya mibofyo inayotiliwa shaka.

MwalimuMstaafu: Ndugu yangu, habari ya fomu hiyo niliipata baada ya msiba.

FundiWaTovuti: Mzee, fungua akaunti nyingine kwa jina la mama watoto, maisha yaendelee.

Mfuatiliaji: Usimpoteze mzee wetu. Aliyefungiwa kwa kosa hilo haruhusiwi kufungua nyingine, na sasa unataka kumwingiza na mkewe.

FundiWaTovuti: Nawafahamu waliofanya hivyo na wanalipwa mpaka leo.

Mfuatiliaji: Na waliofungiwa mara ya pili unawafahamu wangapi?

MtanzaniaLeeds: Tusiwasahau wasomaji wa nje. Tangu Januari 2024, ukitaka matangazo yanayolengwa kulingana na mapendeleo ya msomaji wa Uingereza au wa nchi za Umoja wa Ulaya, kampuni wanayoitumia wengi wetu inadai ombi la ridhaa ya vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kifaa cha msomaji ili imtambue) lililotengenezwa kwa mfumo iliouidhinisha. Sikuweka, mapato yangu yakaporomoka, nami nikabaki kulaumu makala zangu.

BintiWaMorogoro: Pia ondoeni maneno kama "tusaidie kwa kubofya hapa". Juu ya tangazo andikeni "Matangazo" basi.

MpishiWaTanga: Ahsanteni. Nimelishusha tangazo chini ya orodha ya viungo vya pilau, mbali na kitufe, kisha nimeomba ukaguzi upya. Mwalimu, nimeliandikia pia kundi letu la familia kwamba asiguse mtu tangazo lolote kwa ajili yangu.