Mzeituni wa pori kwenye parseli: nipande ao niache?

Jirani_Mugunga
Jambo bandugu. Niko na parseli huku Mugunga, Goma, lava ya zamani, mawe tu, udongo ni kidogo sana. Papa mumoja wa pepinyeri (fasi banauzisha miche) ananishauri nizungushe mizeituni ya pori, eti inavumilia jua na mawe na haiombe maji mingi. Nikaingia kwa intaneti kuangalia, sasa nimeogopa ju nimeona Australia banaukata, banaupaka dawa, banasema unameza pori yao yote. Nikipanda hapa si utatoka kwangu uende kwa majirani, kisha kwenye Parc ya Virunga? Na faida yake ni gani, mi nilikuwa nafikiria mafuta.

Agronomu_Sake
Kaka, kule ni mugeni, huku ni kwao. Australia baliupeleka karne ya 19, balitaka uzio na mashina ya kupandikizia mizeituni ya Ulaya. Sasa ndege banakula matunda, banaangusha kokwa mbali, muti unaota kila fasi, na kivuli chake ni kizito mpaka chini yake mimea mingi ya asili inakufa. Pori ya Cumberland, kando ya Sydney, imeumia sana. Hawaii pia banaulalamikia, na New Zealand.

Lakini huo muti ni wa Afrika mashariki na kusini, unafika Arabuni na mpaka China, na kwenye lava ya zamani kaskazini ya Lac Kivu umeota miaka na miaka bila mutu kuupanda. Virunga hautaenda kuvamia, uko ule upande tayari.

Mafuta usahau. Tunda ni dogo, nyama kidogo, kokwa ndiyo kubwa. Na ule wa Ulaya wenye mafuta unataka baridi ya kweli ndiyo utoe maua muzuri, siye hapa Goma kwenye mita 1500 hivi karibu na mustari wa ikweta tutaitoa wapi hiyo baridi?

Mama_wa_Makala
Agronomu umesema vizuri lakini hatari yenyewe umeiruka. Ule muti ni mugumu, muzito, makala yake inawaka moto mukali na inakawia kuisha, na kila mutu anayeuza makala anajua hiyo. Kisha unakomaa pole pole sana. Kwa hiyo huku shida si kwamba itajaa, shida ni kwamba itaisha! Mutu anayetaka kuni apande kalitusi ao grevillea (nazo zilitoka Australia, ona vile dunia iko), ule wa pori auachie kivuli na uzio.

Mwana_Kadutu
Huku Bukavu ukitaka kuona muti mugeni unaovamia angalia lantana kwenye milima, ilitoka Amerika na hakuna mutu anaipigia kelele ju maua yake ni mazuri. Faida ingine ya mzeituni wa pori: Bamasai ba Kenya banachoma fimbo zake na kutia moshi ndani ya kibuyu, maziwa inakaa siku nyingi na inapata harufu muzuri.

Jirani_Mugunga
Aksanti sana. Sasa nitajuaje kama yule papa ananiuzia wa pori kweli, si wa Ulaya?

Agronomu_Sake
Geuza jani. Wa pori chini yake ni kama dhahabu ao kahawia, wa Ulaya ni nyeupe-nyeupe ya fedha. Umuulize pia mbegu aliokota wapi, kama ni kwenye miti ya huku huku ni sawa kabisa, kama ilitoka mbali na hajui ni wapi, mi ningeacha. Na ukitaka kuotesha mwenyewe, pasua ganda la kokwa kidogo bila kuumiza kiini, loweka, panda, kisha ukuwe na subira ju inakawia kweli.

Mama_wa_Makala
Na mbuzi za jirani ufunge wewe, yeye hatafunga.