Naomba ushauri: kesi yetu ya talaka imerushwa mtandaoni, mtoto katajwa jina

Habarini wakuu. Nipo Dodoma, Area C. Baraza la kata lilishindwa kutupatanisha na mume wangu, sasa tuko mahakama ya mwanzo: talaka, na nani akae na binti yetu wa miaka 7.

Juzi tunatoka, kijana wa chaneli fulani akanifuata na kamera. Jioni video iko kwenye magrupu yote, jina la mtoto na shule yake vimetajwa! Kesho yake kaulizwa darasani, karudi analia.

Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama ya watoto isikilize kwa faragha. Je, kwenye talaka naweza kumwomba hakimu hivyo hivyo? Na video nianzie wapi, polisi au TCRA (mamlaka ya mawasiliano)? Waandishi siwachukii, wanaandika hata tunapoonewa. Ila mwanangu?