Chenji yangu kampa mtoto wa darasa la pili, na mimi nimesimama hapo hapo!

Nimetoka dukani kwake sasa hivi, hata baibui sijavua. Mnamjua, yule muuza spea za magari. Ngamiani hapa Tanga, matairi yamepakwa chokaa nje, redio juu kama ya harusini. Huyo huyo.

Corolla yangu 110 wiki nzima asubuhi haiwaki mpaka nikanyage mafuta kama nakanyaga cherehani. Ikishapata moto haina neno. Nikaunganisha TE1 na E1, yale matundu mawili ya soketi ya kupimia gari, kwa kipande cha waya, nikafungua swichi, taa ya injini ikapepesa: mbili, ikatulia, mbili. Kodi ya hitilafu 22. Sensa ya joto la maji hiyo. Nikasubiri injini ipoe, nikapunguza maji ya rejeta, nikaing'oa mwenyewe uani kwangu Mikanjuni kwa boksi spana namba 19. Nikaipima kwa mita, kimya. Nikaichovya kwenye kikombe cha maji ya moto, kimya. Nzima ingesoma ohm elfu mbili hivi ikiwa baridi, na kwenye maji ya moto ishuke mpaka kama mia tatu.

Nikamshika mwanangu mkono, bajaji mpaka dukani. Nikaweka sensa kaunta: "Naomba kama hii, pini mbili, ya kompyuta ya injini, siyo ya geji ya dashibodi." Hakunitazama. Kamtazama mtoto! "Baba yuko wapi? Mwambie aje mwenyewe."

Hela nimetoa mimi. 25,000, mkononi mwangu. Sensa 22,000. Akazunguka kaunta nzima, akainama, zile elfu tatu akamkunjia mtoto kiganjani. "Kampe baba." Mimi nimesimama hapo kama nguzo ya umeme!

Chenji. Kwa mtoto wa darasa la pili. Ya hela yangu.

Na huyo baba anayetafutwa hajui hata boneti inafunguliwa wapi!

Nafika nyumbani, nachana boksi: pini moja. Ya geji. Nimerudi, ati "si ndiyo maana nilisema aje baba". Mwanangu bado kazifumbata zile elfu tatu, zimelowa jasho, ananiuliza mbele ya watu: "Mama, nimpe baba kweli?" Wallahi ningekuwa na ile spana 19, kaunta ingebaki kuni.

Mvuvi_wa_Sahare: Uliposema redio tu nikajua. Mimi kaniuzia plagi nne "mpya", mbili zina masizi.

BintiChumbageni: Mimi alimwuliza dereva wa bajaji kama ndiye mume wangu. Dereva wa bajaji!

Gereji_Uani: Dada pole, lakini pini moja na mbili si hesabu ya huyo huyo wa darasa la pili? Mbona hukufungua boksi palepale?

Mwanzisha uzi: Limebandikwa gundi pande zote! Na macho yangu yalikuwa kwenye chenji yangu inayoondoka!

Gereji_Uani: Haya yaishe. Sensa hiyo ikikatika waya ndani, kompyuta inachukulia injini ina nyuzi 80 tayari, ndiyo maana asubuhi inanyimwa mafuta. Ukipata ya pini mbili ifunge pamoja na washa mpya (ile pete ya kuzuia maji), usiikaze kama nati ya tairi, halafu toa hewa kabla ya kufunga mfuniko wa rejeta. Na ujazie kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, siyo maji ya bomba.

Taksi_Mkongwe: Maji ya bomba yana nini? Gari yangu inakunywa hayo miaka yote.

Gereji_Uani: Ndiyo maana rejeta yako inatoa uji wa kutu.

Taksi_Mkongwe: Rejeta yangu umeionea wapi wewe?

Mwanzisha uzi: Jamani, kamkunjia KIGANJANI. Na kidole kimoja kimoja akamfumba.

Mpangaji_Makorora: Nyie mnabishana maji ya bomba, mwenzenu hayo ya bomba nayaona kwa dirisha. Mwenye nyumba anafunga koki saa mbili usiku, ufunguo kauvaa shingoni.

BintiChumbageni: Wa kwangu anahesabu ndoo! Juzi kaniambia nimekoga mara mbili.

Mvuvi_wa_Sahare: Mara mbili na joto hili la Tanga? Alitaka unuke?

Taksi_Mkongwe: Wa kwangu kafunga bomba, akaniuzia maji ya kisima chake mwenyewe. Na bado nasubiri mtu aniambie rejeta yangu aliionea wapi.

Mwanzisha uzi: Elfu tatu zangu. Mbele yangu.

Duga_kwa_Amani: Mpangaji wa Makorora hama, huku kwetu koki iko uani, kila mtu anajichotea.

Mpangaji_Makorora: Chumba na sebule bei gani huko?

BintiChumbageni: Na choo cha ndani?