Nalea mtoto wa dada yangu, ana miaka 7, hashiki anachofundishwa na anaficha chakula. Mama yake alikunywa sana akiwa na mimba yake. Naombeni ushauri

MamaMdogo_Isevya

Mwangaluka wakuu. Naandika kutoka Tabora mjini. Naombeni mawazo yenu maana nyumbani tumefika pagumu.

Nalea mtoto wa dada yangu wa tumbo moja. Dada aliolewa Urambo, wakawa wanalima tumbaku. Masoko yakifunguliwa hela zinaingia na pombe inanywewa kwelikweli, wanzuki na gongo. Mimba ya huyu mtoto aliibeba akinywa tangu mwanzo hadi anajifungua, ndugu wote tunajua. Mtoto alizaliwa mdogo sana. Baadaye mume akaondoka, dada akawa anashinda kilabuni, mtoto anafungiwa ndani na kaka yake ambaye naye alikuwa bado mdogo. Majirani ndio waliotupigia simu. Namchukua alikuwa anakaribia miaka mitatu, haongei, tumbo kubwa, nywele zimepauka. Ukimbeba hakushiki shingo, mikono inaning'inia tu.

Sasa yuko darasa la kwanza. Ni mtoto mchangamfu na ana huruma, akiona mwenzake analia na yeye analia. Lakini leo anasoma a e i o u bila kukosea, kesho asubuhi ukimwonyesha e anaikodolea macho kana kwamba hajawahi kuiona. Nikimwambia nenda jikoni, chukua sufuria ndogo, ioshe, umpelekee bibi, anafika jikoni anasimama katikati hajui kilichomleta. Nikivua foronya yake nakuta vipande vya ugali vimekauka na vichwa vya dagaa, na si kwamba analala njaa, anakula mpaka anabakiza. Halafu anamfuata mtu yeyote. Alishawahi kuondoka na bodaboda asiyemjua, Mungu saidia yule kijana alikuwa muungwana, akamrudisha.

Shuleni wanasema mkaidi na anachapwa. Hospitali moja niliyompeleka niliambiwa atakua tu. Mama mkwe anasema ni mizimu ya ukoo wetu. Mume wangu ni mtu mwema lakini amechoka, anataka mtoto apelekwe kwa bibi yake Sikonge.

Maswali yangu: haya ni ya pombe au ni ya kutelekezwa? Atapona? Na mimi nifanye nini?

Mkuu_wa_Kaya

Pole, lakini mnawadekeza watoto. Sisi tulichapwa na tukasoma. Mpe fimbo na kazi za nyumbani, atanyooka.

Muuguzi_Mstaafu

Mkuu wa Kaya, kwa heshima zote, kwa mtoto huyu fimbo haitafanya kazi. Nitaeleza kwa nini.

MamaMdogo, pole na hongera. Nimefanya kazi wodi ya wazazi na kliniki ya watoto kanda hii hii, na watoto wa namna hiyo nimewaona wengi kuliko watu wanavyodhani.

Pombe anayokunywa mama inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini la mtoto aliye tumboni ni changa, haliwezi kuivunja kama la mtu mzima. Kwa hiyo pombe inakaa. Uso wa mtoto hujengwa wiki za mwanzo za mimba, lakini ubongo hujengwa miezi yote 9. Ndiyo maana wako watoto wenye dalili usoni, yaani macho mafupi kwa upana, ule mfereji kati ya pua na mdomo umesawazika, mdomo wa juu mwembamba, kichwa kidogo. Na wako wengi zaidi wenye sura ya kawaida kabisa huku ubongo umeumia. Hao ndio wanaoitwa wakaidi, kwa sababu kilichoumia hakionekani kwa macho. Daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto hawa mwaka 1968, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaipa hali hiyo jina. Siku hizi madaktari hutumia kifupi FASD kwa athari zote za pombe ya mimba, kubwa na ndogo.

Yale ya kusoma leo na kusahau kesho, kupotea katikati ya maagizo, kutopima hatari, kurudia kosa lile lile baada ya adhabu, ndivyo FASD inavyojionyesha. Mtoto huyu hashindwi kwa makusudi. Adhabu inamfaa mtoto anayeweza kuunganisha "nilifanya hivi jana, ndiyo maana naumia leo". Yeye kuunganisha huko ndiko kulikoumia. Ukimchapa atabaki na woga tu, somo halitabaki.

Sasa kutelekezwa. Mtoto mchanga analia, mtu anakuja, ananyonyeshwa, anabembelezwa, na hapo ubongo unajifunza kutulia na kuamini watu. Akilia siku nzima bila mtu kuja, homoni za msongo kama kortisoli zinavurugika, na sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, woga na kujizuia zinapata shida. Kule Romania, mjini Bucharest, kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto waliolelewa katika vituo bila mtu wao maalumu. Waliohamishiwa kwenye familia, hasa kabla ya kufika miaka miwili, akili na uhusiano wao na walezi viliendelea vizuri kuliko waliobaki vituoni. Kuficha chakula na kumfuata mgeni bila woga ni mambo yanayoonekana sana kwa watoto waliokosa mtu wa kuwatazama.

Kwa hiyo usiniulize ni lipi kati ya mawili. Yote mawili yamepiga ubongo ule ule, na mara nyingi sehemu zile zile. Watafiti walipolinganisha watoto walionyanyaswa au kutelekezwa, wale ambao pia walipata pombe tumboni walikuwa nyuma zaidi katika lugha, umakini na kumbukumbu.

Kijana_wa_Kaliua

Nimelima tumbaku tangu shule ya msingi, hapa ndipo nimeelewa. Mche ukiungua kitaluni, halafu ukauhamishia shamba lisilopaliliwa, ukija kuona jani limedumaa huwezi kusema hili la kitalu, hili la magugu. Unapalilia na kutia mbolea, basi.

Mwalimu_Awali

Nafundisha madarasa ya chini. Dada, nenda shuleni, usiende kugombana. Mwombe mwalimu mkuu mkae pamoja na mwalimu wa darasa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi 4, viandikwe kitabuni, na umri na afya ya mtoto vizingatiwe. Hayo unayasema kwa upole, ila uyajue.

Kisha omba akae mbele, mbali na dirisha. Agizo moja, akimaliza ndipo jingine. "Toa daftari." Ametoa. "Fungua hapa," unamwonyesha kwa kidole. Herufi azishike kwa mikono, achore mchangani, ajaze maharage kwenye umbo la herufi. Aliyosoma jana yarudiwe leo bila kumwambia "si ulijua wewe?" Hilo neno linawavunja moyo kuliko fimbo.

Uliza pia ofisi ya elimu ya halmashauri, kuna afisa wa elimu maalumu. Baadhi ya shule za msingi zina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Kumpeleka huko si aibu.

BabaWatatu

Naongea na shemeji kupitia kwako. Mimi pia nimelea mtoto asiye wa damu yangu. Uchovu wake ni wa kweli, msimbeze. Lakini kumhamisha mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja, kwenda kwa bibi mzee ambaye hataweza kumkimbiza akifuata bodaboda, ni kumrudisha kule kule. Mgawane kazi. Baba achukue kitu kimoja tu kila siku kisichobadilika, mfano kumpeleka shule au kumwogesha jioni. Wewe upate kupumzika, na mtoto ajue jioni baba anakuja.

MamaMdogo_Isevya

Nimesoma yote na nimemsomea mume wangu. Amenyamaza kwanza, halafu akauliza kwa hiyo huyu mtoto anapokosea si kwamba anatudharau? Nikamwambia ndivyo wanavyosema.

Muuguzi, hujanijibu kama atapona. Na kuna jambo sikuliandika. Dada ana mimba tena, kama ya miezi mitano. Bado anakunywa. Mama anataka twende tumlete kwa nguvu, tumfungie ndani asiguse pombe mpaka ajifungue.

Muuguzi_Mstaafu

Nianze na hilo la dada, lisingoje. MSIMFUNGIE. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa, na mimba ikawa hatarini pamoja naye. Aachishwe hospitali, chini ya uangalizi, kwa dawa. Mpelekeni Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tabora, na mseme wazi kabisa anakunywa nini na kiasi gani kwa siku. Madaktari hawawezi kumsaidia kwa taarifa ya nusu.

Na msikate tamaa kwamba miezi mitano imepita. Ubongo wa huyo mtoto bado unajengwa, na kila wiki isiyo na pombe kuanzia sasa ni faida kwake. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mimba, iwe gongo, bia au wanzuki wa asali. Na akishajifungua, yale ya bibi zetu kwamba pombe inaleta maziwa si kweli, pombe inazuia maziwa kutoka.

Mwendeeni bila matusi. Mama mlevi akitukanwa kliniki au nyumbani, mara nyingi anaacha kliniki, haachi pombe. Wengi wanaanza kunywa kwa sababu ya kuachwa, kupigwa, kufiwa. Aendaye kumfuata awe mtu anayempenda, si anayemdai.

Kuhusu mtoto: jeraha la pombe kwenye ubongo halifutiki, sitakudanganya. Lakini maisha yake hayajaamuliwa. Ann Streissguth na wenzake wa Seattle walichunguza watu 415 wenye hali hii, wakatoa matokeo mwaka 2004. Waliogunduliwa mapema na kukulia nyumba tulivu yenye malezi mazuri, uwezekano wa kuacha shule, kuingia matatani na sheria au ulevi ulikuwa mdogo mara 2 hadi 4 kuliko wenzao. Nyumba hiyo ndiyo yako. Na upande wa kutelekezwa unaitikia malezi zaidi, hata kama alichelewa.

Nyumbani, chakula usimnyang'anye wala usimwaibishe. Mtengee kibakuli chake chenye mfuniko, kiazi au karanga, kikae mahali anapofikia mwenyewe, na usiku akione kimejaa. Ataendelea kuficha kwa muda, kisha atapunguza. Ratiba iwe ile ile, kuamka, kuoga, kula, kulala. Ukimwita, msogelee, mshike bega, akuangalie, ndipo useme neno moja. Usimpe ahadi ya "ukifaulu mwezi huu", mwezi kwake haupo; msifu hapo hapo. Mchukulie kama wa miaka minne au mitano katika kumlinda, hasa barabarani na kwa wageni. Akisema jambo ambalo halikutokea, usikimbilie kumwita mwongo, watoto hawa hujaza pengo la kumbukumbu kwa wanachodhani.

Na asipachikwe jina la FASD kabla hajapimwa. Mtoto asiyesikia vizuri, mwenye upungufu wa damu, au aliyewahi kupata malaria kali ya kichwani anaweza kufanana naye sana. Apimwe masikio, macho, damu, minyoo, urefu, uzito na mzunguko wa kichwa. Kitete wakiona inafaa wamwandikie rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Mkuu_wa_Kaya

Nimesoma. Swali la kweli: kama huwezi kumchapa, akipiga wenzake unafanyaje?

Muuguzi_Mstaafu

Unamtoa pale, sauti ya chini, maneno machache. Unakaa naye mpaka atulie. Akishatulia unamwonyesha kwa vitendo cha kufanya badala ya kupiga. Utarudia sana. Na chunguza nini kilitangulia: kelele, njaa, usingizi, mabadiliko ya ghafla. Mara nyingi ukiondoa hicho, ngumi zinapungua.

Ustawi_Tbr

Nafanya kazi za ustawi wa jamii mkoani hapa. MamaMdogo, je, malezi yenu yameandikwa popote? Kama bado, pitia kwa mtendaji wa mtaa akupe barua, halafu mwone afisa ustawi wa jamii wa manispaa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo. Bila maandishi, siku baba yake akitokea Urambo kumchukua akamsaidie shambani kwenye tumbaku, huna pa kusimamia. Ofisi hiyo hiyo ndiyo ya kuijulisha habari za dada na yule kaka mkubwa. Yuko wapi sasa hivi? Hamjamtaja. Kama kuna mtoto yuko hatarini na hujui uanzie wapi, piga 116, ni bure.

MamaMdogo_Isevya

Kaka yake yuko kwa bibi Sikonge, ana miaka 12, yupo darasa la nne. Naye ni mkimya mno, kumbe na yeye nilipaswa kumuulizia hapa.

Mume wangu amekubali mtoto abaki. Amesema jioni kumwogesha ni yeye. Mama na shangazi wanaenda Urambo kwa dada, shangazi ndiye waliyekuwa wanapendana. Jumatatu nampeleka mtoto Kitete. Nibebe nini?

Muuguzi_Mstaafu

Kadi ya kliniki aliyozaliwa nayo, hata kama imechanika, ina uzito wa kuzaliwa. Daftari lake la shule. Karatasi uliyoandika mambo anayofanya, na lini yalianza. Na mwambie daktari wazi kwamba mama alikunywa mimba nzima, ndugu wote mnajua; bila hilo atabaki kubahatisha. Nenda na kaka yake pia akipatikana, naye apimwe. Wahi saa moja, foleni ya watoto Jumatatu ni ndefu.