Miracleman: mwendelezo unatoka lini? Nauhitaji kabla ya Alhamisi

Mwana_wa_Kibokoni
Assalaam aleikum wanajukwaa. Kuna jamaa yangu ni mpenzi wa katuni za Miracleman tangu zamani. Sehemu ya The Silver Age ilimalizika 2024, na baada yake tuliahidiwa The Dark Age. Ni nani mwenye habari za uhakika itatoka lini? Na ikitoka, hapa Mombasa naipata wapi kwa haraka? Duka nililouliza mjini wamenitolea vitabu vya shule. Nimekwama, tafadhali.

Kilindini77
Kaka, kaa kitako kwanza. Katuni hiyo ina mkosi wake. Ilianza Uingereza 1954 kwa jina la Marvelman, Wamarekani walipoacha kuchapa katuni ya Captain Marvel na mchapishaji wa London aliyekuwa akiiuza huko asitake kupoteza wateja wake. Alan Moore akaifufua 1982, ikavuka Marekani ikabadilishwa jina, kisha Neil Gaiman na mchoraji Mark Buckingham wakaipokea. Toleo la 24 likatoka 1993, kampuni iliyokuwa ikiichapa ikafilisika, mambo ya haki miliki yakaingia mahakamani. Kampuni ya Marvel wakainunua 2009, na hadithi yenyewe haikuendelea mpaka 2022! Watu waliianza wakiwa vijana wakaja kuisoma na miwani. Sasa wewe wataka kinachofuata, tena kabla ya Alhamisi?

MamaMahamri
Alhamisi kuna nini?

Mwana_wa_Kibokoni
Si kitu. Ni zawadi tu.

Binti_wa_Bondeni
Zawadi haimwamshi mtu saa tisa za usiku kuandika uzi. Sema usaidiwe.

Mwana_wa_Kibokoni
Haya. Jamaa mwenyewe ni ami yangu. Alikuwa baharia, na majarida hayo alianza kuyanunua bandari za Uingereza miaka ya themanini, mpaka leo yamo sandukuni. Macho yameingia mtoto wa jicho, yote mawili, kwa hiyo mie ndiye humsomea baada ya Isha. Si kusoma tu, hutaka na picha: nani amesimama wapi, kivuli kimeangukia upande gani. Silver Age ilipokwisha akaniuliza, “Na inayofuata?” Nikamwambia imetoka.

Kilindini77
Imetoka wapi?

Mwana_wa_Kibokoni
Kichwani mwangu. Namsomea kidogo kidogo. Nashika jarida la zamani nalifungua ukurasa kwa ukurasa ili asikie karatasi. Na amefurahi, wallahi. Alikuwa hali vizuri, sasa ala. Jioni huenda barazani kuwahadithia wazee wenziwe, nao wamo, wameanza kubishana nani atakufa. Mtu asiniambie nimefanya ubaya.

Ustadh_Mtandao
Uongo ni uongo hata ukivaa kanzu. Na mzee wa umri huo kusomewa habari za watu wanaoruka hewani! Msomee kitakachomfaa kaburini.

MamaMahamri
Ustadh, mwache mtoto. Marehemu babangu hakujua kusoma, na barua za kakangu kutoka Jeddah nikimsomea mie. Kaka akiandika mwezi huu hana kitu, mie nasoma “pesa zaja Jumatatu.” Nilikuwa mdogo, sipendi kumwona akisonya. Basi mwaka mmoja mzee akakopa mbuzi wa Idd kwa nguvu ya barua yangu. Mwenye mbuzi mpaka leo akinikuta Kongowea huniuliza, “Kakako yuaja lini?” Huwa nanunua ndimu upande wa pili.

Binti_wa_Bondeni
😂😂 Lakini bado hatujaambiwa Alhamisi ni nini.

Mwana_wa_Kibokoni
Ni operesheni ya jicho la kwanza. Na ameshasema kitu atakachotaka kuona mbele ya yote, kabla ya uso wa yeyote, ni zile kurasa mpya.

Kilindini77
Ndio hiyo Alhamisi daktari aliyoipanga tangu mwanzo?

Binti_wa_Bondeni
Swali zuri. Jibu.

Mwana_wa_Kibokoni
Ilikuwa mwezi uliopita. Nilimwambia shangazi sukari ya mzee haijatulia, ingojwe kidogo. Na sukari kweli ilikuwa imepanda, si sana. Jicho lenyewe si jeraha, mtoto wa jicho hakimbii. Nilitaka nafasi tu, huenda toleo la kweli likatoka katikati, au niimalize hadithi vizuri. Nimebakiwa na sura moja. Nikipata wiki mbili zaidi…

MamaMahamri
Subhanallah. Hapo mie sipo nawe. Barua ni jambo moja, jicho la mtu ni jingine.

Binti_wa_Bondeni
Yaani mzee yuko gizani mwezi mzima ili wewe umalize sura? Mpigie shangazi sasa hivi!

Mpiga_Mbizi
Jamani, mwalia bure. Mwanzo ni “jamaa yangu”, kisha ami, kisha baharia, kisha kipofu, kisha operesheni. Kila mkiuliza anateremsha sura mpya. Mtu anayemtungia mzee kila usiku atashindwa kututungia sisi? Hii ndiyo Dark Age yenyewe, nyinyi ndio wazee wa barazani.

Kilindini77
Hebu tumjaribu. Shujaa hutamka neno gani ili ageuke?

Mwana_wa_Kibokoni
Kimota. Ami hulitamka kwa sauti mpaka jirani hugonga ukuta.

Mpiga_Mbizi
Hilo hata simu yangu yalijua. Ila jirani umemtia vizuri.

Ustadh_Mtandao
Ikiwa ni kweli, ana dhambi mbili. Ikiwa ni uongo, ni moja, lakini kubwa. Lakini hebu, katika hiyo uliyotunga, yule kijana wa Silver Age aliyefufuliwa na kuondoka kwa hasira alirudi?

Binti_wa_Bondeni
Ustadh! Kumbe wasoma?

Ustadh_Mtandao
Nauliza tu.

Mwana_wa_Kibokoni
Alirudi. Ndiyo sura iliyobaki, sijui nimfanye nini.

Nakshi_za_Matatu
Nimechelewa, nimesoma yote. Mie huchora matatu, gereji yetu iko Changamwe. Nimeshachora mashujaa mpaka mkono wajua wenyewe. Mzee ataka kurasa, apewe kurasa. Wewe leta maneno.

MamaMahamri
Wewe nawe usimtie moto! Amwambie mzee ukweli kabla ya Alhamisi, na operesheni isiguswe.

Mwana_wa_Kibokoni
Operesheni haiguswi, nimempigia shangazi. @Nakshi, kurasa ishirini kwa siku nne zawezekana? Na kila ukurasa ni pesa ngapi?

Nakshi_za_Matatu
Inategemea. Hao watu wako wana makoti ya kupepea? Makoti yala rangi.